Bobini na Sauti Themanini na Tatu

Ungemwuliza mtu yeyote mwenye cherehani katika mitaa ile nyumba ya Bobini ni ipi, angekuonyesha bila kufikiri. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alitengeneza cherehani kwa miaka thelathini na nne, za miguu na za umeme, za mafundi wa barazani na za viwandani, na alikuwa na mazoea ya kuinama, kutega sikio na kutaja ugonjwa wa mashine kabla hajashika bisibisi. "Sindano yako inatangulia," angesema. Au: "Mashine haina kosa, kosa ni uzi wako wa bei rahisi." Watu walimcheka kwa hilo, lakini walimwamini.

Mkewe alikuwa opereta wa simu hospitalini. Miaka ishirini na saba alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti masikioni, akiunganisha watu na wodi, na maabara, na madaktari wasiopenda kupokea simu. Walimwita Bi Laini, kwa ajili ya kauli yake moja: "Subiri kwenye laini, mpenzi, usikate." Wapo watu waliopiga simu wakilia, hawajui ndugu yao kalazwa wapi au kama yu hai, wakatulia kwa kuisikia sauti ile kabla hata hawajajibiwa chochote. Nyumbani hakuwa msemaji. "Sauti yangu naimalizia kazini," alimwambia mumewe. "Hapa niache nipumzike." Na Bobini, ambaye kutwa alikuwa kwenye kelele za mashine, alipenda nyumba iwe kimya. Waliishi hivyo vizuri tu.

Mwaka wa pili baada ya Bi Laini kustaafu, koo likaanza kumkwaruza. Alidhani mafua. Akanywa dawa za mafua miezi mitatu. Hospitali ile ile aliyoifanyia kazi ikamwambia ni uvimbe, na kwamba kisanduku cha sauti kitatolewa chote, hakuna cha kubakiza. Atapumua kwa tundu shingoni. Hatasema tena.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikuja na laptopu yake ya zamani ndani ya mfuko wa kitambaa. "Mama," alisema, "zimebaki siku nane. Rekodi sauti yako humu. Maneno unayoyatumia kila siku. Ukitoka huko, unabonyeza tu."

Bi Laini alilifanya jambo hilo kama alivyofanya kazi yake yote, kwa utaratibu. Aliandika orodha kwenye daftari kwa siku nne, kisha akakaa mezani asubuhi tatu mfululizo, mgongo umenyooka, akasema. Njoo ule. Sitaki. Maumivu yamezidi. Funga mlango, upepo. Majina ya wajukuu wote wanne, kila mmoja kwa namna anavyoitwa akiwa mwema na namna anavyoitwa akiwa mtundu. Wewe mzee, huna akili. Hiyo ya mwisho ilimshinda akacheka katikati, na akakataa kuirudia. Vipande themanini na tatu. Siku ya nane aliingia wodini.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, na kitambaa kimefunika tundu. Bobini alimshonea vitambaa vingine kumi na viwili, vya pamba laini, kila kimoja na tepe mbili za kufungia nyuma, mishono midogo kama ya nguo ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, tangu ugonjwa uanze, aliyoifanya akafurahi moyoni, kwa sababu ilikuwa kazi aliyoijua.

Laptopu ndiyo iliyomshinda. Kuwaka tu ilichukua dakika kumi na saba. Alizipima kwa saa ya ukutani. Ukibonyeza kipande, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu sauti inatoka wakati neno lenyewe limeshapitwa na wakati. "Njoo ule" ilitoka chakula kimepoa. Siku moja Bi Laini alibonyeza "Maumivu yamezidi", mashine ikaganda, na Bobini akabaki jikoni akiosha sufuria, hajui kitu, mpaka aliposikia mkono unapiga meza.

Tena maneno themanini na tatu ni machache kuliko mtu anavyofikiri. Hakuwa amerekodi "kucha". Hakuwa amerekodi "nani amefariki". Alirudi kwenye daftari, akiandika haraka na kwa hasira, na Bobini aliyasoma polepole kwa miwani yake iliyokatika mkono mmoja.

Ndipo akaibeba laptopu kwenda kwenye jengo la vibanda karibu na stendi. Aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele kazifunga kwa waya wa chaja, mezani kwake mashine zimefunguliwa matumbo. Wote walimwita Dada wa Kompyuta, naye hakujali.

"Baba, hii mashine ilikuwa dhaifu tangu ilipozaliwa," alisema baada ya kuiwasha na kuingoja. "Mfumo uliomo ndani ni mzito mno kwake. Ni sawa na kumtwika mtoto gunia."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Kuna mifumo mingine, ya huria, isiyouzwa, myepesi. Na humo kuna programu inayosoma Kiswahili kwa sauti. Mama anaandika, yenyewe inasema. Neno lolote." Akakwaruza shavu. "Sauti yenyewe usiitarajie sana. Ni ya mwanamume aliyeziba pua."

Bobini alirudi kumwuliza mkewe. Bi Laini aliandika: *Sawa. Lakini sauti zangu zisiguswe. Mfumo wa zamani ubaki na kila kitu chake.* Akapiga mstari chini ya *zisiguswe*, mara mbili.

Basi ikabidi mifumo miwili ikae kwenye mashine moja, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Dada alimweleza Bobini kwamba kompyuta ikiwashwa, kabla ya mfumo wowote kuamka, inaamka programu ndogo, butiloda, kazi yake ni moja: kuamua nani aingie. "Mwite bawabu," alisema. Bawabu aliyekuwamo aliujua mfumo mmoja tu. Ilitakiwa awekwe mwingine, anayejua yote miwili na anayeuliza kwa adabu: leo unamtaka nani?

Bobini aliomba afundishwe badala ya kufanyiwa. Dada alimwangalia mzee yule na mikono yake iliyojaa makovu ya sindano, akadhani utani. Haukuwa utani. Siku tisa, kila asubuhi, alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya meza ile na daftari lake la mraba. Kwanza walinakili zile sauti themanini na tatu kwenye flashi nyekundu, kwa tahadhari. Kisha wakaigawa diski nusu kwa nusu, nusu ya mfumo wa zamani, nusu ya mpya. Wakauweka mfumo mpya kwa flashi ya Dada. Wakawasha. Ikaingia ule wa zamani, kama vile hapakufanyika kitu. Wakarudia. Ule ule.

"Ina kiburi," alisema Bobini.

"Imetengenezwa vibaya," alisema Dada. Alichimba siku mbili ndipo akaugundua ugonjwa: akili ya mashine ilikuwa ya aina kubwa, lakini ile sehemu ya kuamkia ilijua kusoma aina ndogo tu. Bawabu waliyemweka alikuwa wa aina kubwa. Mashine haikumwona hata kidogo. Ilibidi atafutwe wa aina ndogo, awekwe kwa mkono kwenye folda yake, jina lake liandikwe herufi kwa herufi. Bobini alikosea herufi moja, skrini ikawa nyeusi, mstari mmoja mweupe juu na kialama kinapepesa. Alikaa akikitazama kama mtu aliyekatikiwa sindano ndani ya kitambaa cha mteja. Dada alimwacha. Baada ya robo saa aliiona herufi mwenyewe, akairekebisha, akawasha.

Ikatokea menyu. Mistari miwili kwenye weusi: wa juu mfumo mpya, wa chini wa zamani. Usipogusa kitu kwa sekunde kumi, inaingia mpya. Bobini alivua miwani akaifuta.

Kwa siku kumi na moja mambo yalikwenda. Laptopu iliwaka kwa dakika moja na nusu. Bi Laini aliandika, na mwanamume aliyeziba pua akasema sebuleni: "Chumvi imezidi." Akasema: "Jirani ameazima ngazi yetu tangu Februari." Na kwa kuwa mfumo mpya uliweza kufungua nusu ile nyingine, vipande vyake vya zamani alivitumia papo hapo. Asubuhi alimwamsha Bobini kwa sauti yake mwenyewe, wewe mzee, huna akili, na kile kicheko. Bobini alijifanya amelala ili airudie.

Jumamosi binti yao alikuja kuwaangalia. Alitaka kumwonyesha mama yake picha za zamani. Akauchagua mstari wa chini kwa sababu ndio mfumo aliouzoea, akauunganisha na intaneti ya simu yake. Wakaangalia picha mchana kutwa. Ilipofika saa ya kuzima, mfumo ule ulisema unafanya apdeti, usizime mashine. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Binti aliondoka Jumapili.

Jumatatu menyu haikuwepo. Mfumo wa zamani, katika kujitengeneza, ulikuwa umemwondoa bawabu mgeni ukamrudisha wake. Dakika kumi na saba, kiduara kikizunguka.

Bobini alipiga simu kibandani. Dada alikuwa kasafiri kumuuguza mama yake mzazi. Atarudi baada ya siku tano.

Bi Laini aliandika: *Tumngoje.*

"Siku tano bila kusema?"

*Nilikaa wiki tatu.*

"Nimeandika kila hatua," alisema Bobini, akapiga daftari lake kofi. "Mimi si mtoto. Mashine ikishafunguliwa mara moja mbele yangu, nimeijua."

Mkewe alimtazama, akainua mabega, akaenda kukunja nguo. Ndivyo alivyokuwa, hakubishana na mtu mara mbili kwa jambo moja.

Flashi ya Dada alikuwa ameshairudisha. Ndani ya nyumba ilikuwepo moja, ile nyekundu yenye nakala. Bobini alifikiri. Sauti zenyewe zimo kwenye laptopu, salama, ameziona jana kwa macho yake. Ataitumia flashi kwa asubuhi moja, kisha atanakili upya. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili timamu, na baadaye ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba hakuwa mlevi wala hakuwa na haraka. Akaandika juu ya flashi ule mfumo mpya, kutoka kwenye faili ambalo Dada alimwachia ndani ya laptopu. Programu ikauliza kama anajua kwamba vilivyomo vitafutika. Anajua.

Kumrudisha bawabu peke yake kulihitaji amri saba. Aliziandika zote kutoka daftarini. Ya tano ikakataa. Akarudia mara nne, ikakataa mara nne. Daftari halikusema lolote juu ya kukataa, kwa kuwa siku ile kibandani haikukataa. Basi akaona heri auweke mfumo mpya wote upya, juu ya nusu yake ile ile, na bawabu atakuja nao kama mara ya kwanza.

Ikaja orodha ya sehemu za diski. Moja ilikuwa ya gigabaiti ishirini na tisa nukta moja. Nyingine ishirini na nane nukta tisa. Walikuwa wamegawa nusu kwa nusu, na kwenye daftari alikuwa ameandika "29" bila zaidi. Alizitazama muda mrefu. Chini ya kila moja kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza ambayo yangemwambia, kama angevuta miwani na kuyasoma taratibu. Alichagua ya juu, kwa sababu kwenye menyu mfumo mpya ulikuwa juu. Mashine ikamwuliza kama ana uhakika. Mara ya kwanza pia ilimwuliza hivyo hivyo, na Dada akasema, "Bonyeza tu, baba, inauliza kila mtu." Akabonyeza.

Ilichukua dakika ishirini na tano. Jua lilikuwa limefika kwenye meza na alisogeza kiti. Mashine ilipozima na kuwaka tena, menyu ilirudi, nyeupe kwenye weusi, na Bobini akapumua. Kisha akaisoma. Mstari wa kwanza, mfumo mpya. Mstari wa pili, mfumo mpya. Ilikuwepo mara mbili. Wa zamani haukuwepo.

Alikuwa bado amekaa hapo Bi Laini alipopita na kikapu cha nguo. Aliona menyu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akaona uso wa mumewe. Akaweka kikapu chini, akanyoosha kidole, akabonyeza mshale wa chini. Akabonyeza tena.

"Zimekwenda," alisema Bobini.

Bi Laini alilivuta daftari lililoning'inia kiunoni mwake kwa kamba, akaandika: *Zote?*

"Zote."

*Na flashi?*

"Na flashi. Nimeifuta mwenyewe. Asubuhi hii."

Alisubiri apigwe na neno lolote, hata la kuandikwa. Bi Laini alifunga daftari, akabeba kikapu, akatoka kwenda kuanika. Kupitia dirishani Bobini alimwona akikung'uta kila nguo na kuibana kwa vibanio viwili, kama siku zote, ila alipofika kwenye vile vitambaa vyeupe vya shingoni alivishika vyote mkononi akasimama tu.

Dada aliporudi hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliichukua laptopu akakaa nayo siku mbili, akiendesha programu za kufufua mafaili. Siku ya tatu alimpigia.

"Diski za zamani zile za kuzunguka, ukifuta kitu kinabaki chini chini, unaweza kukichimba," alisema. "Hii si ya aina hiyo. Ikifuta, imefuta. Nimejaribu hata njia zisizo na maana. Pole sana, baba."

"Hata kipande kimoja?"

"Hata kimoja. Ungenisubiri."

"Najua."

Akaanza kuitafuta sauti ya mkewe kama mtu anayetafuta hati ya nyumba. Alimpigia binti: je, kwenye simu yake hakuna ujumbe wa sauti wa mama? Binti alilia simu nzima, akisema ni yeye aliyewasha ule mfumo, na Bobini alitumia muda wote kumbembeleza badala ya kuuliza. Jibu lenyewe lilikuja siku ya pili: hakuna. Simu ya zamani iliingia maji. Na mama hakuwahi kupenda kuacha ujumbe. Alikuwa akisema, nikikupigia ujue nakutaka wewe.

Harusi ya binti ilipigwa picha za kawaida tu, hazina sauti. Dada yake Bi Laini alikuwa na video moja ya kikao cha familia. Bobini alisafiri nusu siku kwenda kuiona. Kwa dakika sita mkewe alionekana pembeni, sahani mapajani, akisikiliza wengine.

Mwisho alikwenda hospitalini. Alikumbuka kwamba zamani ukipiga simu wakati laini zote zimejaa, ilikujibu sauti iliyorekodiwa, na sauti ile ilikuwa ya Bi Laini. Alipiga kwanza akiwa njiani. Akajibiwa na mwanamke mwingine, kijana, anayesema kama anasoma tangazo la uwanja wa ndege. Akaenda hivyo hivyo. Kile chumba kisicho na dirisha kilikuwa sasa na kabati moja la chuma lenye taa za kijani, na opereta wawili badala ya watano. Fundi wa simu alimpokea vizuri sana alipojua yeye ni mume wa nani.

"Mtambo wa zamani uliondolewa mwaka juzi, mzee. Ulichukuliwa na watu wa vyuma chakavu."

"Na sauti zilizokuwamo?"

"Zilikwenda nao. Nani angefikiri?"

Opereta mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi na Bi Laini miaka kumi, alivua vipokea sauti akaja kumshika mkono. "Yule alikuwa anamaliza kesi kwa sauti peke yake," alisema. "Mimi alinifundisha kila kitu." Na kwa nia njema kabisa, akishusha mabega na kulegeza koo, akasema: "Subiri kwenye laini, mpenzi, usikate."

Ilikaribia. Ilikaribia kiasi kwamba nywele zilimsimama Bobini mikononi. Lakini palikosekana kitu katika neno la mwisho, namna ambavyo mkewe aliliachia likaisha taratibu, na kwa kukosekana huko akatambua kwamba yeye mwenyewe hana hakika tena liliishaje. Alishukuru, akaondoka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje mpaka mfagizi alipomwomba anyanyue miguu.

Nyumbani, laptopu iliendelea kufanya kazi bila hitilafu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia. Iliwaka kwa dakika moja na nusu na kusema chochote kilichoandikwa. Bobini alijifunza kurekebisha matamshi. Alikaa wiki nzima akiihariri programu mpaka ikaacha kutamka "Bobini" kama dawa ya minyoo. Bi Laini aliitumia kumwambia muuza maziwa aje kesho, na kuwaambia majirani kwamba hajambo. Siku moja mjukuu mdogo alipiga simu, na bibi yake akaandika salamu ndefu, jina la mtoto na vijina vyake vyote. Mwanamume aliyeziba pua akaisoma yote. Upande wa pili wakamsikia mtoto akimwuliza mama yake, "Huyu nani?"

Bi Laini alifunga laptopu taratibu. Akaandika kwenye daftari: *Mimi nitaandika tu. Wewe utasoma.*

"Nitajaribu kutafuta sauti nyingine. Dada anasema ziko za kike, zinatengenezwa—"

*Mzee. Basi.*

Hakuliandika kwa ukali. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi, na Bobini alijua tofauti ya *basi* ya hasira na *basi* ya kuchoka.

Miezi mitano baadaye uvimbe ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Daktari aliwaeleza wote wawili, akitazama meza. Bi Laini aliandika swali moja, *Muda gani?*, na daktari akajibu kwa maneno mengi ambayo hayakuwa na tarehe ndani yake. Akalazwa wodi ya tatu, ile ambayo kwa miaka ishirini na saba aliunganisha simu zake bila kuingia ndani zaidi ya mara mbili.

Bobini aliipeleka laptopu huko, ingawa alikatazwa na mgonjwa mwenyewe. Mkono wa Bi Laini ulikuwa umeanza kutetemeka na maandishi yake kusambaa; Bobini alidhani vitufe vitakuwa rahisi. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, na soketi iliyokuwa karibu na kitanda ilitumiwa na mashine ya oksijeni. Alileta waya mrefu kutoka nyumbani, akaupitisha chini ya vitanda vitatu. Muuguzi wa zamu aliuona, akamwambia kwa upole kwamba watu watajikwaa. Akaukunja. Alikaa na laptopu mapajani, imezimwa, akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo ilibaki daftari. Siku ya kumi na moja wodini, kiasi cha saa nne asubuhi, Bi Laini aliomba kalamu kwa vidole. Bobini alimshikia daftari likae sawa. Aliandika neno moja, labda mawili, mstari ukianza juu na kuteremka mpaka ukingoni, akaiachia kalamu. Bobini alivaa miwani. Hakuweza kulisoma.

"Andika tena, Mama. Sijaona vizuri."

Bi Laini alimtazama. Hakuwa na nguvu ya kuandika tena, na wote wawili walijua. Akafumba macho. Alifariki siku iliyofuata, mchana, Bobini akiwa koridoni kumwita muuguzi.

Baada ya maziko alimwonyesha binti ukurasa ule. Binti aliugeuza huku na huku, akasema limeandikwa "nimechoka". Muuguzi, ambaye Bobini alimfuata wodini makusudi, alisema wagonjwa wengi wakifika hapo huomba maji, na kwamba herufi ya kwanza ni *m*, bila shaka. Dada wa Kompyuta aliupiga picha kwa simu, akaikuza, akaongeza mwanga na kupunguza, akakaa nayo siku nzima kibandani.

"Naweza kukudanganya, baba," alisema mwishoni. "Lakini sijui."

"Usinidanganye."

Bobini alirudi kwenye cherehani zake, kwa kuwa watu waliendelea kuzileta. Hata hivyo wateja waliona kitu kimebadilika. Hakuinama tena kutega sikio. Mtu akileta mashine, Bobini alimwomba aandike kwenye karatasi inafanya nini, kisha akaifungua yote, skrubu baada ya skrubu, na kuzipanga mezani, hata kama ugonjwa ulikuwa sindano tu.